Kibao cha Teng-yuan

Panchiao, 9 Machi 1995

Kaka Teng-wang,

Nakusalimu wewe, wifi Mei-hsiu na Po-hsun. Sosi ya maharage mliyotuma imefika. Chupa moja tu ndiyo iliyopasuka njiani, na mama mkwe ameililia hiyo moja kuliko alivyozishukuru zilizobaki. Goti lake linamsumbua kwa mvua hizi. Baba Chen mzima. Dukani kumepoa, muhula umeshaanza, na wanaoleta sare za kutarizi namba za wanafunzi ni wa kuokoteza.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu iko dukani kwenye meza ya mama mkwe, na kila nikiishika yeye hupunguza sauti ya televisheni.

Ni habari ya Chen. Tangu sikukuu ya mwaka mpya ilipokwisha hatoki kitandani. Haogi. Nywele zake nimezikata mwenyewe kwa sababu zilikuwa zimesokotana na hakutaka nizipitishie kitana. Anakula nikimlisha, na nisipomlisha haombi. Ana miaka kumi na minne, kaka. Mwalimu anasema ni uvivu wa umri. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Nikampeleka hospitali kwa daktari wa akili za watoto, mwanamke, Daktari Hsieh. Tulipanda basi la mbali ili tusikutane na wateja.

Daktari anasema huenda ni sonona. Lakini yako maradhi mengine, anasema, ambayo kwa watoto huanza hivi hivi kisha yakageuka. Mtoto anashuka kwa miezi, halafu anapanda: halali, anasema sana, anajiona anaweza kila kitu. Kisha anashuka tena. Mtoto wa namna hiyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu. Kwa hiyo akaniuliza kama katika ukoo wetu amewahi kuwako mtu wa hivyo, na kama alikuwako, ni dawa gani iliyomtuliza, maana inayomfaa ndugu mara nyingi humfaa ndugu.

Nikamfikiria Teng-yuan. Mimi nilikuwa mgeni huku ukweni, habari zake nilizipata vipandevipande. Nakumbuka kipupwe kile mdogo wetu alicholala kwenye banda la maharage asitake kuonana na mtu. Halafu joto lilipoanza akawagawia majirani kuku wetu wote, akamwambia baba kwamba atajenga viwanda vya sosi mpaka Japani. Kisha ikaja barua ya baba kwamba amepata kazi melini, na nyingine kwamba meli imezama. Wewe ulikuwa nyumbani. Je, alikuwa mgonjwa? Kuna daktari aliyemwona kabla hajaondoka?

Najua si vizuri kumchokonoa marehemu. Mwaka huu pia nitamwashia ubani. Lakini daktari ananisubiri.

Mdogo wako,
Su-chu

—

Siluo, 28 Machi 1995

Ndugu yangu Su-chu,

Salamu zako zimefika, na za mama mkwe wako pia, hata kama hakuzituma. Mwambie ile chupa iliyopasuka ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote, ili alie vizuri.

Huku hatujambo. Maharage meusi ya mwaka huu ni mazuri, na nimeujaza ua mitungi ya sosi mpaka wifi yako hana pa kuanika nguo. Habari kubwa ni ya kijana wetu Po-hsun: amepata mchumba. Msichana wa Huwei, mwalimu wa chekechea, na baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Watu wazuri, ila wachunguzi. Mshenga ameninong'oneza kwamba wametuma watu mpaka kwa muuza nyama kuuliza kama sisi akina Liao tuna kisukari, tuna kamari, tuna vichaa. Muuza nyama akawajibu kwamba akina Liao wana kosa moja tu, hawalipi nyama siku wanayoila. Tangu hapo nanunua samaki.

Chen umri unamsumbua. Wewe ulipokuwa kama yeye ulilia siku nyingi kwa sababu ya bata, na hatukukupeleka kwa daktari. Pengine ameshtuka mahali na roho yake imebaki huko. Nitumie shati lake alilolivaa, usilifue. Wifi yako atampelekea yule mama wa hekaluni, alifunikie kikombe cha mchele na kumwitia roho irudi. Mtoto si lazima awepo. Shati linatosha.

Waliokufa tuwaache wapumzike.

Kaka yako,
Teng-wang

—

Panchiao, 19 Aprili 1995

Kaka,

Hongereni kwa habari ya Po-hsun. Mnisamehe sikuja kufagia makaburi na ninyi mwaka huu, sikuweza kumwacha Chen. Niliweka chakula hapa hapa jikoni, kwa baba, kwa mama na kwa Teng-yuan, nikageuza uso kusini, huko kwenu.

Shati limo humu. Lile la sare, la mikono mirefu. Sikulifua.

Chen ameanza dawa. Daktari alihitaji jibu, nami sikuwa nalo. Nilisema sijui, yeye akaandika hakuna. Vidonge ni vya kuinua moyo, kimoja asubuhi. Jana nilimuuliza kama huzuni imepungua. Akasema, "Mama, mimi sina huzuni. Ningekuwa nayo ningelia." Nikamfunika nikarudi dukani.

Swali langu la Teng-yuan hukulijibu. Nakuuliza mara ya pili.

Su-chu

—

Siluo, 8 Mei 1995

Ndugu yangu,

Sisi wazima. Mvua imetuvizia mara mbili mitungi ikiwa wazi, na wifi yako amekimbia na vifuniko kama mwanajeshi.

Pamoja na barua hii kuna keki za uchumba. Mambo yamekwenda vizuri, pete zimevishwa. Ile ya ufuta mpe mama mkwe wako, ya maharage mekundu mwachie Chen. Msichana ni mpole, alinimiminia chai kwa mikono miwili bila kumwaga hata tone, na baba yake alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba ni mtihani. Harusi tumeipanga Desemba, maharage yakishaingia mitungini.

Shati nalo nalirudisha. Yule mama aliusoma mchele akasema hofu imetoka upande wa maji. Amekwisha kuikusanya. Mvalishe Chen, au uliweke chini ya mto wake.

Mengine salama.

Teng-wang

—

Panchiao, 3 Juni 1995

Kaka Teng-wang,

Nakusalimu na kukushukuru, na mshukuru wifi kuliko wewe. Shati limefanya kazi.

Chen ameinuka. Kwanza aliomba yai, kesho yake akaoga, na wiki haikuisha akawa anaamka kabla yangu. Anafagia duka, anapanga nyuzi kwa rangi, anasoma. Amepata vitabu vya Kijapani sijui wapi, anajifunza peke yake. Usiku taa yake haizimwi. Mama mkwe anawaambia wateja, "Mjukuu wangu siku hizi halali, anasoma tu," na wateja wanawageukia watoto wao kwa jicho kali. Jirani wa duka la viatu amekuja kuniuliza ninampikia mizizi gani ili naye ampikie mwanawe. Mwalimu amepiga simu kunipongeza. Ni mara ya kwanza mama mkwe kuniachia simu bila kupunguza televisheni.

Tulitakiwa kurudi kliniki Jumatatu iliyopita. Mama mkwe akasema mtoto amepona, ya nini kukaa kwenye benchi na wagonjwa. Hatukwenda. Dawa anaendelea nayo.

Nafurahi. Naandika neno hilo ili nilione. Jana Chen alicheka mezani, akaendelea kucheka sote tulipokuwa tumekwisha kunyamaza. Nikamkumbuka Teng-yuan na wale kuku.

Su-chu

—

Siluo, 22 Juni 1995

Su-chu,

Wifi yako amepeleka matunda hekaluni kushukuru. Nimefurahi sana.

Sikia. Unaposema halali, ni halali kabisa au analala kidogo? Anaongea na watu asiowajua? Ameanza kugawa vitu? Mrudishe kwa daktari, usingoje siku ya kliniki. Nijibu upesi. Kama huna nafasi ya kuandika piga simu, mama mkwe akisikia na asikie.

Teng-wang

—

Panchiao, 5 Agosti 1995

Kaka,

Najibu maswali yako sasa. Nimechelewa.

Alikuwa halali kabisa. Alikuwa anaongea na watu asiowajua, mpaka dereva wa gari la taka. Na amegawa.

Unajua mwezi wa saba wazazi wa wanafunzi wapya huleta sare dukani, kila shati kwenye mfuko wake na kikaratasi cha jina na namba. Tulikuwa na mifuko mpaka chini ya ngazi. Siku ile tulikwenda Keelung kumzika mjomba wa baba Chen, Chen akasema atabaki kutazama duka. Tuliporudi alasiri alikuwa amemaliza mashati yote. Majina ameyatarizi vizuri, safi kuliko mimi. Lakini namba ni ile ile kwa kila shati: moja. Kwa uzi mwekundu. Akanishika mikono akaniambia, "Mama, nimewapandisha wote. Hakuna atakayekuwa wa mwisho tena." Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Baba Chen alipochomoa waya wa cherehani, Chen alimng'ata, kisha akakimbilia barabarani. Yule jirani wa viatu na wanawe ndio waliotusaidia kumkamata. Mtaa mzima uliona.

Yuko wodini. Daktari Hsieh alinikuta kwenye korido, akasema kumbe ndiyo yale maradhi ya kupanda na kushuka, na vile vidonge vimempandisha. Hakunifokea. Akaniuliza tena, mbele ya baba Chen na mama mkwe: katika ukoo wenu hakuna mtu kabisa? Nikasema hakuna. Akasema basi itabidi kujaribu dawa moja baada ya nyingine, na mwili wa mtoto ndio utakaojibu. Ya kwanza imemlaza na kumtoa udenda. Wamebadilisha. Ya pili imemtoa vipele mwili mzima. Wamesimamisha. Sasa wanampa sindano za kumtuliza huku wakifikiri, naye ananiita Mwalimu.

Jioni tunafumua mashati. Mama mkwe anafumua pamoja nami, miwani puani, na hajanisema neno. Ningependa anisute nipate cha kujibu. Sisikii kitu moyoni, kaka. Nafumua, nafunga mfuko, nachukua mwingine.

Nimeisoma barua yako ya Juni tena. Analala? Anaongea na watu? Anagawa? Ndivyo Daktari Hsieh alivyouliza, maneno hayo hayo. Yeye alisomea. Wewe ulijuaje cha kuuliza?

Su-chu

—

Siluo, 10 Agosti 1995

Su-chu,

Teng-yuan hajafa.

Hakupanda meli. Baba alimpakia kwenye gari letu la sosi, akampeleka hospitali moja ya vichaa kule Nantou chini ya milima, akarudi peke yake. Aliporudi akasema wewe ndiyo kwanza umeolewa, wakwe zako wakisikia watakurudisha, na mimi sitapata mke. Akasema mwana kichaa huwafungia ndugu zake mlango, lakini mwana aliyekufa hamfungii mtu. Kibao cha jina lake, kile cha madhabahuni, alikichonga kwa mkono wake. Akaandika jina la ukoo Chang, kama sisi akina Liao wote tunavyoandikwa tukifa, akachagua na tarehe ya kifo, akakipandisha pamoja na vya babu zetu. Hakuna aliyeuliza. Jina likishageuka kuwa Chang, nani atauliza?

Baba alipokaribia kufa ndipo aliponiambia hospitali iko wapi. Nakwenda mara mbili kwa mwaka, sikukuu ya mwezi na kabla ya mwaka mpya. Miaka ya kwanza Teng-yuan alikuwa vibaya, sitaki kuieleza. Kisha akaja daktari kijana akampa lithiamu, ile chumvi. Akatulia. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia, anasoma magazeti, ananishinda mchezo wa dama. Daktari wake ameniambia zaidi ya mara moja kwamba anaweza kurudi nyumbani. Nilimjibu kwamba nyumba imejaa.

Mwambie Daktari Hsieh ndiyo, yupo, na dawa ni lithiamu. Usimwambie mwingine. Harusi ni Desemba.

Teng-wang

—

Panchiao, 2 Oktoba 1995

Kaka Teng-wang,

Salamu kwako na kwa wifi. Goti la mama mkwe limepata nafuu. Duka limepoteza shule mbili, nyingine zimebaki.

Daktari nilimwambia siku ile ile niliyopata barua yako. Chen alianza lithiamu Agosti. Haikuwa haraka. Wanampima damu kila mara ili dawa isizidi, anakunywa maji kama ng'ombe, vidole vinatetemeka, amenenepa. Lakini amerudi nyumbani na ananiita Mama. Hachangamki, halii. Anakula wali, anaosha bakuli lake, anakaa. Daktari anasema ubutu huu utapungua wakipata kipimo chake, na kwamba maradhi yenyewe hayaondoki, yanaishi na mtu kama kisukari, kwa hiyo dawa si ya kuacha siku akijisikia vizuri. Amenionya kwamba siku akijisikia vizuri ndiyo ya kumtazama sana. Nimemwelewa. Mimi pia nimekuwa butu, na sinywi dawa yoyote.

Ulisema nisimwambie mwingine. Nilimwambia baba Chen. Aliimaliza chai yake, halafu akauliza, "Tunakwenda lini?" Chen akasikia, akasema naye anakwenda. Kwa hiyo tulikwenda.

Teng-yuan alikuwa anakunja mashuka. Amekuwa mnene, meno ya mbele hana, na masikio ni ya baba. Akanitazama akasema, "Dada, umezeeka." Akasema tena, "Baba aliwahi kuniambia kwamba mimi nimekufa na wewe unaniwekea chakula kila mwaka. Mwakani nitumie kwa posta." Baba Chen akacheka, kisha akatoka nje kuvuta sigara, na sigara aliacha zamani.

Nilimsaidia kukunja mashuka. Chen ndiye aliyesema naye. Alimwonyesha vidole vyake vinavyotetemeka, Teng-yuan akanyoosha vyake, wakalinganisha. Mjomba wake akamuuliza anakunywa vidonge vingapi, mdomo unakauka asubuhi au usiku, chai inamwagika. Akamfundisha kujaza kikombe nusu. Akamwambia anywe baada ya chakula na asiache siku za joto kali kunywa maji. Walizungumza kama wauza mboga wanaoulizana bei. Chen hajazungumza na mtu hivyo tangu Januari.

Kwenye treni ya kurudi Chen alikaa dirishani. Tulikuwa tumekwisha kupita Taichung aliponigeukia. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba chumvi. Akasema, "Mama, na mimi mtanizika lini?"

Kuna msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha maradhi kwa kifo, na hakuna aliyetuumbua, tulifaulu kabisa. Mimi niliolewa nikakaa. Wewe ulioa. Nilikuwa nikimpikia ndugu yangu nyama ya bata aile ahera, naye anakula uji wa hospitali.

Desemba bibi harusi wa Po-hsun ataingia nyumbani, atashika ubani, atawainamia wakubwa wa ukoo, na kibao cha Teng-yuan kitakuwa miongoni mwao. Atamwinamia mtu aliye hai. Na Chen atakuwa amesimama pale anatazama. Siwezi kumleta. Kibao kikiwa pale, wala mimi siji.

Swali lake sina jibu lake. Wewe ndiye mjomba. Mjibu.

Su-chu

—

Panchiao, 11 Desemba 1995

Kaka,

Sijapata barua wala kadi ya harusi. Chen ameniuliza kama umejibu. Nimemwambia posta inachelewa.

Su-chu

—

Siluo, 20 Januari 1996

Su-chu,

Nakusalimu wewe na shemeji, na mama mkwe wako nampa pole ya baridi. Barua hii msomee Chen.

Harusi haikuwako. Nilikwenda Huwei mwenyewe, wifi yako akiwa pembeni yangu, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nina ndugu hospitalini Nantou, na mpwa mwenye maradhi hayo hayo, na kwamba kwenye madhabahu yetu kuna kibao cha mtu aliye hai. Aliweka vijiti vya kulia chini, akajifuta mdomo, akasema ni jambo la kufikiri. Alikuwa na adabu mpaka mwisho, alitusindikiza mpaka barabarani. Baadaye mshenga akaleta pete ndani ya kitambaa chekundu. Binti alimwandikia Po-hsun, sijui aliandika nini. Po-hsun amehamia Taichung. Amekuja mara moja kuchukua nguo za baridi, akala na mama yake jikoni. Kwangu hakuja.

Wifi yako anasema nilifanya sawa. Mimi sijui. Nafunua mitungi asubuhi na kuifunika jioni.

Kibao nilikwenda kukiulizia hekaluni. Mtaalamu wao akasema iko ibada ya kumwingiza aliyekufa na iko ya kumtoa, lakini ya kumtoa ambaye hajafa haijui, na babu yake hakuwahi kuitaja. Basi nikakiteremsha mwenyewe, bila ibada, nikampelekea mwenye kibao. Teng-yuan aliisoma ile tarehe baba aliyochagua, akafikiri. "Siku hiyo nadhani nilikuwa nafua," akasema. Kisha akakigeuza akasema mbao ni nzuri, baba hakubania.

Chen, mpwa wangu. Umeuliza utazikwa lini. Mjomba wako anajua maharage, mambo mengine hubahatisha. Nimechukua miezi kulijibu swali lako, na jibu langu ni fupi: ukiwa kikongwe, na ukiwa umekufa kweli. Kabla ya hapo hapana, na atakayesema vinginevyo, awe wa upande wetu au wa ukweni, mwambie aje Siluo aongee na mimi.

Daktari wa Nantou nimemwambia kwamba nyumba ina nafasi. Teng-yuan anakuja usiku wa mwaka mpya, na kama hatutamchosha atabaki. Wifi yako amekwisha kumwandalia chumba cha Po-hsun, alilia akitandika, sikumuuliza anamlilia yupi. Atakula nasi chakula cha usiku ule, halafu itabidi awashe ubani kwa ajili ya baba, kama sote. Sijui atasimamaje pale.

Ninyi njooni siku ya pili, kama mabinti walioolewa wanavyorudi. Lakini Chen njoo mapema, upande treni ya kwanza, ukae karibu na mjomba wako Teng-yuan. Sisi wengine hapa tumewaza sana, na hatujui tumwambie nini.

Teng-wang